Nani Anawapa Watekaji Mahali pa Kuficha Mateka?

Oktoba 2016 mabaharia 26 walishuka kwenye ndege jijini Nairobi wakitokea Galkayo, Somalia. Walikuwa wafanyakazi wa Naham 3, meli ya uvuvi yenye bendera ya Oman iliyotekwa kusini mwa Shelisheli Machi 2012. Walitoka China, Taiwan, Vietnam, Kambodia, Indonesia na Ufilipino. Siku ya kutekwa walikuwa 29. Mmoja aliuawa wakati meli inavamiwa, wawili wakafa kwa maradhi wakiwa mateka. Waliobaki walikaa miaka minne na nusu mikononi mwa maharamia. Meli yao ilizama, wakahamishiwa nchi kavu, na mmoja wao alisimulia baadaye kwamba huko porini walikuwa wanakula panya.

Miaka minane kabla ya hapo, Novemba 2008, maharamia wa pwani hiyohiyo waliteka Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudi Arabia, mamia ya maili kusini mashariki mwa Kenya. Ilikuwa imebeba mapipa milioni 2 ya mafuta yenye thamani ya dola milioni 100 hivi, na mabaharia 25. Kikomboleo kilichoripotiwa ni dola milioni 3, kilichodondoshwa kutoka angani kwa mwavuli. Meli iliachiwa Januari 9, 2009. Siku 55 tu.

Ukatili wa watekaji hauwezi kueleza tofauti hiyo. Kilichotofautiana ni nani alikuwa upande wa pili wa simu. Meli ya mafuta ilikuwa na mwenye mali, bima, mawakili na mpatanishi wa kulipwa. Wavuvi walikuwa na ndugu maskini katika nchi sita na mwajiri ambaye fedha hazikutoka kwake. Waliokolewa kwa juhudi za watu wachache, mmojawapo kanali mstaafu wa Uingereza John Steed, aliyeifanya kazi hiyo akiwa Kenya na kuwatafuta mabaharia ambao dunia ilikuwa imewasahau.

Lakini kuna jambo ambalo meli hizo mbili zililipata sawasawa, na ndilo ninalotaka kulizungumzia. Zote zilifikishwa mahali ambapo mtu anaweza kuwekwa wiki, miezi au miaka bila mkono wa sheria kumfikia. Mahali hapo pana mwenyewe: kuna mtu au kundi linaloamua nani apite, nani auze chakula, nani alinde. Tunabishana kila mwaka kama familia zilipe au zisilipe, na huyo mwenye eneo hatumtaji kabisa.

Tutazame kwanza bei inavyopangwa, maana huko ndiko watu wengi hawajui kinachoendelea.

Bima ya utekaji imekuwepo kwa zaidi ya nusu karne, na makao yake makuu ni soko la bima la Lloyd's, London. Kampuni ya mafuta au ya meli hukata bima hiyo kwa ajili ya wafanyakazi wake na haitakiwi kuitangaza, kwa sababu mtekaji akijua mtu ana bima, bei inapanda. Kikomboleo kikilipwa, kampuni au familia inatoa fedha kwanza, halafu inarudishiwa. Pamoja na bima hiyo anakuja mshauri kutoka kampuni kama Control Risks, iliyoanzishwa 1975. Mshauri huyo kwa kawaida hazungumzi na mtekaji. Anakaa pembeni ya msemaji wa familia, mara nyingi shemeji au mfanyakazi wa kampuni, na kumwandikia la kusema.

Kinachofuata ni mapatano ya bei yenye kanuni zake. Mtekaji anaanza na mamilioni. Familia inajibu kwa kiasi kidogo lakini cha kuaminika, tena kisiwe namba ya mviringo, ili ionekane kwamba vitu vimeuzwa na senti zimehesabiwa. Kila wiki wanaongeza, na kila nyongeza inakuwa ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka mtekaji aone mwenyewe kwamba amefika chini ya mfuko. Katikati ya mazungumzo wanauliza swali ambalo mateka peke yake analijua, kwa mfano jina la utani la bibi yake, kuhakikisha kwamba bado anapumua. Ukilipa haraka na kiasi kikubwa, mtekaji anaamini kuna zaidi: anapokea na kuomba tena, au anarudi mwakani kwa jirani yako. Kazi hii imeokoa maisha ya watu wengi, na naisifu bila kusita. Tatizo ni kwamba inawahudumia wachache sana.

Upande wa watekaji nako kuna hesabu. Mwaka 2013 Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Interpol walitoa ripoti ya fedha za uharamia wa Somalia. Walikadiria kwamba kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 vikomboleo vya kati ya dola milioni 339 na 413 vililipwa. Kijana aliyepanda kwenye meli akiwa na bunduki alipata kati ya dola 30,000 na 75,000, na nyongeza ya hadi dola 10,000 kama alikuwa wa kwanza kupanda au alikuja na silaha au ngazi yake. Wafadhili ndio waliochukua sehemu kubwa, kati ya asilimia 30 na 75. Wakati wote wa kusubiri, vijana waliokuwa wanalinda meli walipewa chakula na miraa kwa mkopo, kwa bei ya juu kuliko ya mjini, na deni likakatwa kwenye mgawo wao siku ya malipo. Ripoti iliitaja biashara ya miraa kama mojawapo ya njia ambazo fedha hizo ziliingizwa kwenye uchumi halali. Kwetu hilo si jambo la mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya miraa inayotafunwa Somalia inatoka Meru na kusafirishwa kila siku kwa ndege kutoka Nairobi.

Angalia hapo nani analipwa. Mpishi, mlinzi, mwenye mashua, muuza mbuzi, muuza miraa, mkalimani, mzee wa eneo anayeruhusu meli itie nanga. Kumteka mtu ni kazi ya dakika kumi. Kumweka ndiko kunakohitaji mji mzima.

Sasa tuwaache wenye bima, kwa sababu biashara hii imehama kutoka kwao. Zamani mtekaji alilazimika kumchunguza tajiri kwa miezi: anapita barabara gani, ana walinzi wangapi, benki yake ina nini. Leo anasimamisha basi au pikipiki, anamchukua yeyote aliyemo, na anachukua simu yake. Orodha ya majina iliyomo ndani ya simu hiyo ndiyo uchunguzi wote anaouhitaji. "Mama", "Kaka wa Dubai", "Mchungaji", "Bosi". Hana haja ya kujua mateka ana utajiri gani. Anajua kwamba ukoo utachangishana.

Nigeria inaonyesha jinsi jambo hili lilivyokua. Kampuni ya utafiti ya SBM Intelligence ilihesabu watu 7,568 waliotekwa kati ya Julai 2023 na Juni 2024, kwa kutumia matukio yaliyojulikana hadharani. Watekaji walidai karibu naira bilioni 11. Zilizothibitishwa kulipwa ni bilioni 1 na kidogo, chini ya moja ya kumi. Hapo unaona mapatano yakifanya kazi hata kwa watu wasio na mshauri kutoka London. Lakini Ofisi ya Takwimu ya Nigeria ilipoziuliza kaya zenyewe, katika utafiti uliohusu Mei 2023 hadi Aprili 2024, ilikadiria kwamba Wanigeria walilipa naira trilioni 2.23, kwa wastani wa naira milioni 2.67 kwa tukio, na kwamba kaya 65 kati ya kila 100 zilizopatwa na utekaji zililipa. Pengo kati ya bilioni moja na trilioni mbili ni kubwa mno, na utafiti wa kaya nao una makosa yake. Hata ukiyapunguza makadirio hayo mara kumi, bado yanatuambia kwamba utekaji mwingi haufiki magazetini wala polisi. Unaishia ndani ya familia, na shamba linauzwa kimyakimya.

Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwishoni mwa 2024, hizo naira milioni 2.67 ni kama dola 1,700. Hakuna kampuni ya bima itakayotuma mtu kwa ajili ya dola 1,700. Kule kaskazini magharibi, Kaduna na Zamfara, familia hupewa maelekezo: fedha taslimu, zifungwe kwenye mfuko, aje mtu mmoja na pikipiki hadi pembeni ya msitu. Mara nyingine watekaji huomba na pikipiki yenyewe. Mara nyingine aliyepeleka fedha naye hubakizwa, na simu inaanza kulia upya.

Kivu Kaskazini, ambako habari hizi husimuliwa kwa Kiswahili, ni vilevile. Human Rights Watch liliorodhesha watu wasiopungua 175 waliotekwa kwa ajili ya kikomboleo mashariki mwa Kongo mwaka 2015, halafu wengine wasiopungua 170 ndani na kandokando ya Hifadhi ya Virunga kati ya Aprili 2017 na Machi 2020. Wengi ni wakulima waliokuwa shambani, akina mama wa sokoni, abiria wa barabara ya Rutshuru. Wanawake na wasichana wengi walibakwa wakiwa mateka. Mei 2018 walitekwa watalii wawili Waingereza na dereva wao Mkongomani, na askari mmoja wa hifadhi, binti kijana, akauawa akiwalinda. Watalii hao waliachiwa baada ya siku mbili na hifadhi ikafungwa hadi Februari 2019. Nafurahi kwamba walirudi salama. Ninachouliza ni kwa nini mkulima wa mji wa Kiwanja, Rutshuru, hakuwahi kufungiwa hata barabara.

Mahali palipoonyesha unyama wa biashara hii kwa ukamilifu ni Sinai. Kati ya 2009 na 2013 hivi, Waeritrea waliokimbia nchi yao walikamatwa mashariki mwa Sudan, wengine kandokando ya kambi za wakimbizi, wakauzwa kutoka kundi moja hadi jingine mpaka rasi ya Sinai nchini Misri. Huko walifungwa minyororo kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Ndugu zao walipigiwa simu, na simu ikiwa hewani, plastiki iliyoyeyushwa kwa moto ikadondoshwa kwenye mgongo wa mateka. Ndugu akasikia. Kisha akaambiwa kiasi: dola 20,000, 30,000, wengine zaidi ya 40,000. Watafiti waliofuatilia mkasa huo walikadiria kwamba watu kati ya 25,000 na 30,000 walipitia huko na dola milioni 600 zikalipwa. Zilichangwa na nani? Na wafagiaji, madereva wa teksi na wahudumu wa wagonjwa Waeritrea walioko Ulaya, Israeli na Marekani, wengine wakipitisha bahasha makanisani. Njia ya Sinai ilipobanwa na jeshi la Misri na uzio wa Israeli, biashara haikufa. Ilihamia Libya, kwenye maghala ya Bani Walid, na Wasomali na Waethiopia wakaongezwa humo.

Nafahamu kwamba kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, habari za utekaji za miaka hii ya karibuni ni za wakosoaji wa serikali na vijana wa maandamano. Hao ndugu zao hawaombwi fedha, na makala haya hayawahusu moja kwa moja. Ila mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja. Raia anayeshuku kwamba aliyemchukua mtoto wake huenda ni askari hatapiga simu polisi. Atauza ng'ombe na kutafuta mtu wa kati. Serikali inayoteka watu wake inawaandalia majambazi wateja watiifu.

Turudi kwenye mahali pa kufichia. Oktoba 11, 2018 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitekwa alfajiri jijini Dar es Salaam akienda mazoezini. Familia ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni 1 kwa atakayetoa taarifa, na picha yake ikawa kwenye kila simu ya nchi. Usiku wa kuamkia Oktoba 20 aliachwa viwanja vya Gymkhana. Vipande vingi vya kisa hicho havijawahi kuelezwa, lakini naona jambo moja wazi: jiji la Dar halikuwa mahali pazuri pa kumweka. Kuna majirani, wenye nyumba, vijana wa bodaboda, watu wanaouliza gari lile la nani. Linganisha na pwani ya Lamu mwaka 2011. Mwanamke Mwingereza aliyetekwa Kiwayu Septemba na mwanamke Mfaransa aliyetekwa Manda Oktoba walipakiwa kwenye boti na kuvushwa Somalia. Wa kwanza, ambaye mumewe aliuawa usiku uleule, alikaa miezi sita hadi familia ilipolipa. Wa pili alifia mateka. Kenya ilipeleka jeshi Somalia mwezi uleule wa Oktoba. Aprili 2019 madaktari wawili Wacuba walitekwa Mandera, hatua chache kutoka mpakani, na askari aliyekuwa akiwasindikiza akauawa. Februari 2024 Al-Shabaab walidai kwamba madaktari hao walikufa katika shambulio la anga la Marekani huko Jilib. Mtekaji wa Dar alikuwa na siku tisa. Mtekaji aliyevuka mpaka ana miaka.

Ndiyo maana naona mjadala wa kupiga marufuku malipo unaanza mahali pasipo penyewe. Hoja ya marufuku ina nguvu na haipaswi kudharauliwa. Gazeti la New York Times lilikokotoa mwaka 2014 kwamba makundi ya al-Qaeda yalikuwa yamepata angalau dola milioni 125 kutokana na vikomboleo tangu 2008, nyingi zikitoka kwa serikali za Ulaya zilizokuwa zikikana hadharani. Fedha hizo zilinunua magari na silaha, zikalipa vijana, na Mali, Niger na Burkina Faso zinaendelea kulipa gharama yake. Mataifa ya G8 yaliahidi Juni 2013 kuacha kuwalipa magaidi. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2133 lenye wito huohuo Januari 2014. Oktoba 2025 mashirika ya habari yaliripoti kwamba dola milioni 50 hivi zililipwa kwa JNIM, tawi la al-Qaeda nchini Mali, ili kuwaachia raia wawili wa Falme za Kiarabu. Ikiwa hizo ndizo fedha, basi ni zaidi ya kikomboleo cha Sirius Star mara kumi na sita, zikiwa mikononi mwa kundi lililokuwa wakati huo likiibana Bamako kwa kuzuia malori ya mafuta. Serikali tajiri inayolipa hivyo inamnunulia mtu wake uhuru kwa damu ya watu wengine. Hapo mimi nakubaliana na wanaotaka marufuku.

Lakini serikali na mama si kitu kimoja. Colombia ilijaribu. Sheria ya 40 ya mwaka 1993 ilizuia malipo na bima ya utekaji na kutishia kuwaadhibu waliolipa. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vilivyowalenga ndugu, kwa hoja kwamba mtu anayelipa ili kuokoa uhai hawezi kufanywa mhalifu. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya: mwaka 2000 walitekwa zaidi ya watu 3,500. Mahakama maalumu ya amani ya nchi hiyo imehesabu mateka wasiopungua 21,396 wa waasi wa FARC peke yao kati ya 1990 na 2016. Wakati huo wote mtangazaji Herbin Hoyos aliendesha kipindi cha redio usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, ambapo ndugu walizungumza na mateka walioko msituni, wakiwaambia nani amezaliwa, nani ameolewa, nani anaumwa. Waasi waliwaruhusu mateka wengi kuwa na redio, nao walikesha wakisubiri sauti moja. Kuwaambia watu hao kwamba kulipa ni jinai kungewaongezea msiba.

Kilichopunguza utekaji Colombia, kwa maoni yangu, ni barabara. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 jeshi lilirudi kwenye barabara kuu ambako waasi walikuwa wakisimamisha magari na kuchagua mateka. Vikosi maalumu vya GAULA, vilivyoundwa 1996, vikawaunganisha wapelelezi na waendesha mashtaka. Na FARC wakasukumwa ndani zaidi, mahali ambapo kumlisha na kumlinda mateka kulikuwa mzigo. Idadi ikashuka kutoka maelfu hadi mamia.

Watetezi wa marufuku hupenda kutaja Italia, ambako sheria ya 1991 inawezesha mali za familia kuzuiwa ili isilipe. Ni kweli utekaji ulipungua sana baada ya hapo. Ila milima ya Aspromonte kule Calabria, ambako mateka kutoka kaskazini walikuwa wakifichwa mapangoni kwa miezi, nayo ilijazwa polisi na askari, na kundi la kimafia la huko, 'Ndrangheta, likagundua kwamba kokeini inalipa zaidi na haihitaji kulishwa. Kusema sheria moja ndiyo iliyofanya kazi hiyo yote ni kujirahisishia mambo. Nigeria ilifuata njia hiyohiyo ya mkato Aprili 2022, Seneti ilipopitisha muswada wa kumfunga anayelipa kikomboleo kwa miaka isiyopungua 15. Miaka miwili baadaye takwimu za kaya zikasema nilichokwisha kueleza. Huwezi kumkataza mtu kulipa wakati hujampa njia nyingine hata moja ya kumpata mtoto wake.

Haiti, nchi ambayo Wakenya wameifahamu kwa karibu tangu polisi wao walipotua Port-au-Prince Juni 2024, inatufundisha kusoma takwimu kwa uangalifu. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliotekwa 1,359 mwaka 2022, kisha 2,490 mwaka 2023. Mwaka 2024 walishuka hadi 1,494, huku waliouawa wakipanda hadi zaidi ya 5,600. Ukitazama utekaji pekee utadhani hali imetulia. Kilichotokea, naamini, ni kwamba magenge yalikuwa yameteka jiji lenyewe. Genge linalotoza kila lori na kila basi linahitaji mateka wachache, kwa kuwa wakazi wote wanalipa kikomboleo kila siku bila kufungwa kamba.

Kwa hiyo mwenye eneo ndiye wa kuandamwa. Myanmar inatuonyesha jinsi anavyoweza kuwa na jina, cheo na akaunti. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia waliodanganywa na matangazo ya kazi Thailand wamejikuta mpakani mwa Myanmar, ndani ya majengo yenye uzio kama KK Park, wakilazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni kwa saa nyingi, na familia zikiambiwa zilipe ili waachiwe. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba huenda watu 120,000 wanashikiliwa hivyo Myanmar pekee. Majengo yale hayakujengwa usiku. Yalipata umeme, saruji na ulinzi, na eneo lake lilikuwa chini ya wanamgambo wa Saw Chit Thu, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo Mei 2025. Februari mwaka huo, Thailand ilipokata umeme na mafuta na kubana mpaka, watu zaidi ya 7,000 walitolewa kwa wiki chache. Hakuna familia iliyoadhibiwa kwa kulipa. Aliyebanwa ni mwenye nyumba.

Na mkusanyaji wa fedha naye anafikika. Tewelde Goitom na Kidane Zekarias Habtemariam, Waeritrea wawili waliotajwa kuendesha maghala ya Bani Walid, walikamatwa Ethiopia mwaka 2020. Kidane alitambuliwa mtaani Addis Ababa na mtu aliyewahi kuwa mateka wake. Alitoroka mahakamani mwaka uliofuata, akakamatwa tena Sudan Januari 1, 2023 katika operesheni iliyoongozwa na Falme za Kiarabu. Tewelde alihukumiwa Ethiopia na kupelekwa Uholanzi Oktoba 2022. Kwa nini Uholanzi? Kwa sababu waendesha mashtaka wa huko walisema vikomboleo viliombwa na kulipwa na familia zinazoishi kwao, hivyo jinai ilitendeka Uholanzi pia. Hoja hiyo ni ya thamani kubwa kwa nchi zetu. Simu ya mtekaji ikilia Eastleigh, Kariakoo au Kampala na fedha zikatumwa kutoka hapo, sehemu ya uhalifu imefanyika hapo, na mwendesha mashtaka wa hapo ana kazi ya kufanya. Mtu wa kati aliyepokea hawala ana duka, ana laini ya simu, ana majirani.

Ili kesi kama hizo ziwezekane, familia lazima iweze kutoa taarifa bila kuogopa kwamba akaunti itafungwa kabla mateka hajatoka au kwamba yenyewe itashtakiwa. Marekani ilisema wazi Juni 2015 kwamba haitawashtaki ndugu wanaolipa, baada ya familia kulalamika kwamba maofisa waliwatisha. Serikali za Afrika Mashariki zingeweza kutamka vivyo hivyo kwa maandishi, na kuweka dawati moja la wapelelezi wasio na uhusiano na vituo vya polisi vya mtaani, linalopokea namba ya simu ya mtekaji, kumbukumbu za malipo na sauti zilizorekodiwa, kisha kusubiri hadi mateka arudi ndipo lianze kukamata. Wizara za mambo ya nje nazo zina orodha za vijana waliorudishwa kutoka Myanmar na Libya. Kila mmoja wao anajua namba ambayo mama yake aliambiwa atume fedha. Wachache mno kati yao wamewahi kuulizwa.